TAHADHARI: Anayeuza mashine za kukata nyasi "za jumba la Muitaliano" hapa Malindi ni mwizi

Nimenyamaza siku nne kwa aibu. Naandika leo kwa sababu jana jioni nimeambiwa ameonekana Watamu na mashine nyingine, na huko nina wenzangu wawili wa kazi hii ambao watanaswa palepale niliponaswa mimi. Ndugu zangu, shilingi 46,000 zimekwenda. Mnaonijua mnajua zilitoka wapi na zilikuwa za nini, hayo siyarudii. Wa chama tumeshakaa tukazungumza.

Kwa wasioijua kazi yangu: nanunua mashine za petroli zilizotupwa kwenye majumba ya pwani, nazitengeneza uani kwetu Barani chini ya mwarobaini, kisha naziuza. Nyingi hazina ugonjwa wa maana. Mwenye jumba huja msimu mmoja akaondoka, mashine inakaa stoo miezi minane na petroli ndani yake, petroli inaganda kama utomvu na kuziba jeti ya kabureta, ambayo tundu lake ni dogo kuliko la sindano. Mtunza bustani anavuta kamba mpaka bega linamuuma, tajiri anasema nunueni nyingine. Mimi naifungua kabureta, naizibua, nabadilisha ile ngozi yake ya ndani na mpira wa kupitisha petroli, nachanganya petroli na oili kwa kipimo chake, mashine inanguruma. Miaka sita nafanya hivi. Kwa hivyo msiseme nilinunua kitu nisichokijua. Nilikijua, na hapo ndipo panaponichoma.

Huyu mwizi alinipigia mwenyewe. Akasema namba yangu amepewa na askari wa geti ambaye kweli namfahamu, nilishanunua jenereta kwenye jumba analolinda. Akanitumia picha: mashine nane zimepangwa juu ya turubali, tano za kufyekea zile za begani, mbili za magurudumu, na msumeno mmoja wa petroli. Jumba linauzwa, akasema, Muitaliano anarudi kwao, vitu vya stoo vitoke kabla ya mwisho wa wiki. Bei ilikuwa juu ya ile ya skrepu niliyoizoea kwa sababu, kwa maneno yake, zote zinawaka.

Nilifika Alhamisi baada ya adhuhuri, ng'ambo za Casuarina. Geti lilikuwa wazi, ukutani mimea ya maua imepunguzwa vizuri, na yeye amevaa ovaroli safi. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Karibu dadangu, nimeambiwa fundi ni wewe." Nataka mlielewe hili. Nikienda kununua mashine kwa watu huwa naulizwa fundi yuko wapi, au mume wangu atakuja saa ngapi. Huyu hakuuliza. Alisogea kando, akaniambia, "Kagua, dadangu, kagua kwa macho yako, mimi sina haraka." Akanishikia hata kitambaa cha kufutia mikono. Mtu akikupa heshima usiyoizoea, moyo unalegea, na wangu ulilegea palepale getini.

Nilianza na plagi. Niliifungua ya mashine ya kwanza, ncha yake ilikuwa na rangi ya mdalasini, kavu, safi. Fundi yeyote atakwambia rangi hiyo ni ya injini inayochoma vizuri. Nyeusi yenye majimaji ningeuliza, nyeupe ningeondoka. Nikairudisha. Nikaishika injini ikiwa imeshatolewa bomba lake refu, nikaining'iniza kwa kamba yake ya kuvutia. Kipimo hiki alinifundisha marehemu baba: injini iliyokwisha inaporomoka moja kwa moja kama ndoo kisimani, iliyo nzima inashuka polepole, kidogokidogo, kwa sababu pistoni inabana hewa. Ile ilishuka polepole. Ilishuka polepole mno, na mimi nikatabasamu. Yeye akaniona nikitabasamu.

Kisha akavuta kamba yeye mwenyewe. Mvuto wa pili ikawaka. Moshi ukatoka mwingi, wa bluu ulioelekea weupe, ukatanda mpaka kwenye mnazi. Nikamwuliza, mbona moshi hivi? Akacheka kidogo akasema, "Huyu mtunza bustani wao alikuwa akimimina oili kama anatia nazi kwenye wali." Nikamwamini. Injini hizi za mapigo mawili oili yake inachanganywa humohumo kwenye petroli, mililita 40 kwa lita moja kwa mashine nyingi za Kichina, nyingine mililita 20, na watu huzidisha kwa kuogopa kuziua. Moshi mwingi nimeuona mara mia. Iliunguruma kama dakika moja na nusu, akaizima. Ya pili vilevile.

Nilipoishika ya tatu akainua mkono. Akasema jirani upande wa pili analalamika makelele mchana, juzi aliita polisi, tafadhali dadangu zilizobaki utaziwasha kwako. Wakati huohuo adhana ya alasiri ikaanza. Akanyamaza, akaijibu adhana kwa sauti ya chini mpaka mwisho, akanawa mikono bombani. Nikajiambia, mtu huyu anamcha Mungu. Wallahi hilo ndilo linaloniuma kuliko zile pesa.

Mashine mbili za magurudumu hazikuwa na visu. "Vimepelekwa kunolewa, nitakuletea Jumamosi." Nikakubali hilo nalo.

Nikatuma 30,000 kwa M-Pesa. Jina lililotokea lilikuwa la mwanamke. Akasema ni laini ya mkewe, yake ina deni la Fuliza, pesa ikiingia inakatwa. Nani kati yetu hana deni la Fuliza? Iliyobaki 16,000 nilimpa mkononi tukipakia tuktuk, nikamshukuru, nikamwombea kheri na mkewe. Nilimwombea kheri!

Sasa nisikilizeni. Usiku ule nilikuwa nanawa mikono nile, sabuni haiondoi harufu. Haikuwa harufu ya petroli. Ilikuwa kama yai viza, ile harufu ya oili nzito ya giaboksi. Nikakaa na tonge mkononi. Oili ya giaboksi haina kazi ndani ya injini ya mashine ya kufyekea. Haina kabisa. Nikaacha chakula, nikawasha taa ya uani.

Nilifungua boliti mbili za ekzosi ya ile ya kwanza, nikamulika kwa simu. Ukitoa ekzosi unaiona pistoni kwa dirisha lake. Inatakiwa iwe laini, inang'aa. Hii ilikuwa na michirizi ya kutoka juu kwenda chini kama mti uliokwaruzwa na paka, aluminiamu imeyeyuka ikaganda. Mtu aliiendesha kwa petroli tupu bila oili mpaka pistoni ikakwama. Nikafungua silinda: ringi, ile pete ya chuma inayoizunguka pistoni kuzuia hewa isipite, imevunjika, nusu haipo, na juu ya pistoni oili nzito inateleza kama asali. Huo ndio ujanja wake. Unamimina kiasi kidogo cha oili nzito kwenye tundu la plagi, unavuta kamba taratibu, oili inajaza nafasi iliyoachwa na ringi, hewa inabanwa, kamba inakuwa nzito mkononi. Inawaka, inatoa moshi, na kabla oili haijaungua ikaisha, yeye ameshazima. Kipimo cha marehemu baba kilidanganywa kwa vijiko viwili vya oili. Plagi ya rangi ya mdalasini ilitoka kwenye injini nyingine nzima, akaipachika.

Ya pili hivyohivyo. Ya tatu haina ringi kabisa. Ya nne imepasuka chini ya silinda, ufa umejazwa gundi ya chuma na kupakwa rangi mpya nyekundu juu yake. Msumeno, kabureta ndani ni tupu, ganda tu. Zile mbili za magurudumu nilizigeuza alfajiri nikazungusha shafti, kile chuma cha kufungia kisu, inacheza kama mlevi. Zimegonga jiwe la matumbawe, na ardhi yetu imejaa mawe hayo, shafti ikapinda. Ndiyo maana visu vilitolewa, kwani kikiwepo kisu mashine ingetetemeka ukaijua mara moja. Jumamosi hakuna aliyeleta kisu chochote. Simu imezimwa.

Nilienda mpaka kwenye lile jumba. Geti limefungwa, na mtunza bustani wa jirani akaniambia hakuna jumba linalouzwa pale, palikuwa na mafundi wa rangi wiki mbili na geti likiachwa wazi mchana. Yule askari aliyetajwa, nilimtafuta. Hakumpa mtu yeyote namba yangu. Aliulizwa tu njiani na kijana, "Zile mashine mbovu mnamuuzia nani?" akanitaja kwa wema.

M-Pesa nilipeleka ujumbe kwa 456, namba ya kuomba pesa zirudishwe, nikajibiwa pesa zilishatolewa. Polisi nimeandikisha, namba ya OB, kile kitabu chao cha matukio, ninayo. Afisa alinitazama akasema hii ni biashara, ulikagua mwenyewe ukaridhika, nenda kortini kwa madai. Nikamwambia biashara ni mtu kukuuzia kitu kibovu bila kujua. Huyu alimimina oili kwa mkono wake. Alihamisha plagi kwa mkono wake. Alipaka rangi juu ya ufa. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa la jinai, kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo mpaka miaka mitatu, na mimi nasema mitatu ni michache. Nataka akamatwe. Nataka asimamishwe mahakama ya Malindi asubuhi watu wakiwa wamejaa, aulizwe mbele ya mkewe, kama kweli ni mke, ile adhana alikuwa akiijibu kwa nani. Nataka anirudishie mpaka senti ya tuktuk. Na mtu asinijie na habari za tairi na kiberiti, simtaki afe, namtaka alipe na afungwe, na akitoka kila soko kuanzia Mambrui mpaka Kilifi limjue kwa sura.

Mtaniuliza utamjuaje. Nilivyokaa nikafikiri, dalili zilikuwepo. Mashine ilikuwa ya moto nilipofika. Niliigusa nikadhani ni jua, kumbe alikuwa ameshaiwasha kupima oili yake. Ukienda kununua na ukute injini ina joto, ondoka, au kaa ipoe saa nzima uiwashe wewe. Ekzosi ifungue, ni boliti mbili tu. Mimi sikuifungua kwa kuwa ilikuwa ya moto, na hilo pia alilijua. Nusa tundu la plagi. Rangi mpya mahali pamoja tu, ikwaruze kwa ukucha. Mashine ya magurudumu isiyo na kisu usiiguse. Na jina la M-Pesa lisilolingana na mtu aliyesimama mbele yako, nilijua hili, mdogo wangu huniambia kila siku, na bado nilibonyeza namba ya siri nikatuma.

Anaweza kuwa na ovaroli nyingine sasa, anaweza kuwa na jumba jingine, "Mjerumani" badala ya "Muitaliano". Maneno yake hayatabadilika: kagua kwa macho yako, mimi sina haraka.

Mteja mmoja alikuwa ameshanipa arubuni ya 4,000 kwa mashine ya kufyekea. Nimemwomba wiki mbili. Kwa vipuri vizima vya zile nne nilizofungua naweza kutoa injini moja, labda mbili, na leo jioni nafungua ya tano. Wa Watamu, mkimwona leo au kesho msimfukuze, mwambieni mnataka kukagua, kisha nipigieni nije na ile namba ya OB.