Uzoefu wangu: makumbusho madogo ya mkoa, na lebo zinazostahili kusomwa

Makumbusho haya ya historia ya asili hayana kiunzi cha dinosau. Yana vyumba vitatu tu, na mgeni asiyesoma chochote atatoka mapema akidai hakuna cha kuona. Mimi nilibaki humo hadi saa ya kufunga, na kilichonishika ni lebo.

Katika chumba cha ndege, kila ngozi iliyojazwa pamba imefungwa mguuni kikaratasi kinachotaja mahali ndege alipopatikana, tarehe, jinsia na jina la mkusanyaji, kwa wino uliokwisha kugeuka kahawia. Ndege asiye na lebo ni pambo. Mwenye lebo ni ushahidi kwamba aina yake iliishi mahali hapo wakati huo. Mayai yaliyo katika droo za chini yana thamani hiyo hiyo, kwani mwaka 1967 mtafiti Mwingereza Derek Ratcliffe alipima maganda ya mayai ya kozi (ndege mwindaji) yaliyohifadhiwa tangu zamani, akaonyesha kwamba yalianza kuwa membamba katika miaka ya 1940, dawa ya kuua wadudu ya DDT ilipoingia katika matumizi. Bila tarehe, asingekuwa na cha kulinganisha.

Wanaodharau makumbusho ya mikoani wangefaa kukumbuka pia kwamba silikanti, samaki aliyedhaniwa kutoweka mamilioni ya miaka iliyopita, aligunduliwa mwaka 1938 na Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho madogo ya East London, Afrika Kusini, katika samaki walioletwa na meli ya uvuvi.

Chumba cha mamalia kinasikitisha. Jua la dirishani limepausha manyoya ya swala upande mmoja, na lebo kadhaa zina jina la mnyama peke yake. Katika sanduku la wadudu niliona vumbi laini la kahawia chini ya vipepeo wawili, dalili ya mabuu wanaotafuna vielelezo. Mhudumu nilipomwonyesha, aliandika namba ya sanduku papo hapo, jambo lililonipa moyo. Katazo la kugusa nalo lisichukuliwe kuwa ukali, maana ngozi nyingi za zamani zilihifadhiwa kwa sabuni yenye aseniki, ambayo ni sumu.

Ninayapa nyota nne kati ya tano. Mkienda, ombeni mfunguliwe droo za mayai na ngozi, kwa sababu pasipo ombi hubaki zimefungwa.