Zodiac ya diski mbili: helikopta ilikuwa inabeba miti

Kazi yangu ni kupiga video za harusi, kwa hiyo muvi siangalii kama watu wengine. Mke wangu ananiona kero: yeye anafuta machozi, mimi nauliza taa wameiweka wapi. Zodiac niliwahi kuiona mara moja kwenye kompyuta ya rafiki. Mwezi uliopita nikaikuta kwa muuza diski zilizotumika, ikiwa na kava lake, toleo la mwongozaji lenye diski mbili: ya kwanza picha yenyewe, dakika 162, ya pili jinsi ilivyotengenezwa. Tulivutana bei mpaka akachoka, akanipa kwa shilingi 8,000.

Kama umekulia vibanda umiza, ambako steringi hafi na adui lazima apatikane kabla watu hawajatoka, hii itakuudhi. David Fincher aliitoa mwaka 2007, na inamhusu muuaji wa kweli aliyetia watu hofu kaskazini mwa California mwishoni mwa miaka ya 1960, akituma barua na mafumbo magazetini. Hajakamatwa hadi leo. Mauaji yenyewe yanaisha mapema tu. Baada ya hapo ni makaratasi, simu, na wanaume watatu wanaozeeka na kesi: mchora katuni wa gazeti (Jake Gyllenhaal), mwandishi wa habari (Robert Downey Jr.) na askari mpelelezi (Mark Ruffalo). Shemeji yangu alikuwa anakoroma kabla ya saa moja kuisha.

Alikosa kipande kinachonitisha kuliko vyote. Usiku, mvua, mchora katuni yuko nyumbani kwa mzee mmoja akifuatilia mwandiko unaofanana na wa muuaji, ulioko kwenye bango la sinema. Mzee anamwambia kwa upole kabisa kwamba mabango yale aliyaandika yeye mwenyewe. Kisha anamwambia washuke stoo, chini ya nyumba, wakaangalie kumbukumbu. Wakiwa kule chini, mbao za juu zinalia kama kuna mtu anatembea. Hakuna kisu wala tone la damu, lakini niliinuka kwenda kuhakikisha mlango wetu umefungwa.

Sasa diski ya pili, ambayo ndiyo niliyoinunulia. Imenifedhehesha kitaaluma. Kuna pale dereva teksi Paul Stine anapouawa, kona ya barabara za Washington na Cherry, San Francisco, Oktoba 1969. Nyumba, miti, taa za barabarani, vyote niliamini vilipigwa palepale. Kumbe mtaa ulikuwa umeshabadilika, wakapiga waigizaji, gari na kipande cha lami mbele ya vitambaa vya bluu, mtaa wote ukajengwa na kompyuta. Ile teksi inayofuatwa kutoka juu angani, ambayo ningeapa ni helikopta, nayo ni kompyuta mwanzo mwisho. Helikopta ilikodiwa kweli, ila ilikuwa inabeba miti: kando ya Ziwa Berryessa, mialoni iliyokuwepo siku vijana wawili waliposhambuliwa ilikuwa haipo tena, ikabidi waipeleke mingine kwa njia ya anga.

Hata damu ni ya kompyuta. Fincher anarudia kipande kimoja mara nyingi mno, na hakutaka kila mara wasubiri nguo zifuliwe. Mimi bibi harusi nikimwambia arudie kushuka kwenye gari mara ya pili tu, mama yake ananitolea macho.

Sehemu kubwa ilipigwa kwa kamera ya dijitali inayomwaga picha moja kwa moja kwenye diski ya kompyuta (hard disk), jambo ambalo Hollywood ya wakati ule wengi walikuwa bado wanaliogopa. Lakini vipande vya mwendo wa polepole vilipigwa kwa mkanda wa filamu kama zamani kwa sababu kamera ile haikuviweza. Leo simu ya mtoto wa jirani inavifanya. Kingine kilichonifurahisha: muuaji hakuigizwa na mtu mmoja. Mashahidi walimweleza kila mtu kivyake, basi na sura inabadilika kidogo kila anapotokea, nawe mtazamaji unabaki huna uhakika umemwona nani.

Kwenye diski hiyohiyo wamo askari waliochunguza kesi na manusura, wanasimulia wenyewe. Hapo nilikaa kimya, sikuuliza taa iko wapi.

Malalamiko? Mazungumzo ni mengi na ya haraka, maandishi ya Kiswahili hayapo, kwa hiyo kama Kiingereza chako ni cha kuombea maji utachoka. Na nakala yangu ina mkwaruzo: inaganda palepale kwenye teksi iliyozungukwa na vitambaa vya bluu. Nilimrudishia muuzaji. Akaipulizia, akaifuta kwa pindo la fulana yake, akanikabidhi tena. Bado inaganda palepale.