Mashine ya EFD dukani: uzoefu wangu wa roli, Z na ritani ya VAT

Natunza hesabu za maduka ya vifaa vya ujenzi Dar es Salaam yaliyosajiliwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani. EFD ni mashine ya kutoa risiti za kodi za kielektroniki, na ninayoizungumzia ni ile ndogo ya kaunta, ya roli ya milimita 57, yenye laini ya simu ndani yake. Jina la kampuni siliweki, kwa sababu kazi yao ni moja na usumbufu wao unafanana. Naipa nyota tatu kati ya tano. Mbili zimeliwa na karatasi.

Mashine yenyewe si ngumu. Muuzaji anaizoea ndani ya nusu siku: unapiga bei, unachagua kundi la kodi (A ni asilimia 18), unaingiza TIN (namba ya mlipakodi) ya mteja kama anayo, risiti inatoka. Kasheshe iko kwenye mambo ambayo mafundi wengi hawayagusi siku ya kukufungia.

La kwanza ni bei. Bei unayoiingiza kwenye mashine ni ile yenye VAT tayari. Mteja akipewa makisio ya 500,000 "bila VAT", halafu muuzaji akapiga 500,000, mashine itatoa kodi humohumo: 500,000 mara 18 gawanya kwa 118, yaani 76,271. Duka limejikata lenyewe. Alitakiwa apige 590,000. Kosa hilohilo hurudi kwa njia ya pili wakati wa ritani, ile fomu ya VAT ya kila mwezi: mtu anachukua jumla ya Z (ripoti ya mauzo ya siku), 590,000, anaiweka kwenye sehemu inayotaka mauzo kabla ya kodi. Fomu nayo inapiga asilimia 18 juu yake, inatoka 106,200 badala ya 90,000. Kwa kila 590,000 umelipa 16,200 usizodaiwa, na kuzirudisha ni barua na marekebisho. Mimi hubandika karatasi juu ya kompyuta: gawanya kwa 1.18 kwanza.

La pili ni Z. Ripoti ya Z ndiyo inayofunga mauzo ya siku, na inatakiwa kila siku. Ukiisahau, mashine nyingi zinagoma kutoa risiti mpya mpaka Z itoke, na kwa kawaida hilo linagundulika asubuhi foleni ikiwa imeshajaa. Mpe kazi hiyo mtu mmoja kwa jina, na aifanye kabla ya kuhesabu fedha, asisubiri mpaka amalize. Z zina namba zinazofuatana. Ziandike kwenye daftari au Excel kwa safu tano tu: tarehe, namba ya Z, jumla yenye kodi, kodi, na fedha zilizopelekwa benki. Mwisho wa mwezi jumla yenye kodi ukiitoa kodi ndiyo mauzo ya ritani. Namba ikiruka, itafute sasa, usingoje mkaguzi akuulize.

Risiti ikishatoka haifutiki. Kumbukumbu ya ndani ya mashine inaitunza, na nakala imekwenda TRA, mamlaka ya mapato. Muuzaji akipiga 4,500,000 badala ya 450,000, asiichane. Bakisha risiti ile mbovu, toa iliyo sahihi, ziambatanishe kwa pini, andika nyuma yake namba zote mbili na sababu, kisha urekebishe kwenye ritani ukiwa na hati ya punguzo (credit note). Bila ile karatasi mbovu mkononi, hiyo milioni nne na ushee inahesabika kuwa mauzo yako.

Mtandao ukikatika, mashine huhifadhi risiti na kuzituma baadaye, kwa hiyo saa chache si tatizo. Tatizo ni laini iliyoisha bando bila mtu kujua. Mashine ikikaa muda mrefu bila kuwasiliana inajifunga. Ikiharibika kabisa, mjulishe wakala na TRA kwa maandishi siku ileile, utunze nakala, na mauzo yaandikwe kwenye kitabu cha mkono ili yaingizwe mashine ikipona. Simu ya mdomo haina ushahidi.

Sasa karatasi. Roli za EFD zinachapa kwa joto, hakuna wino. Maana yake ni mbili. Ukiiweka roli kinyume, risiti inatoka nyeupe na muuzaji anadhani mashine imekufa. Kwaruza karatasi kwa ukucha, upande unaoacha mstari mweusi ndio wa kuchapia. Halafu maandishi hufifia. Risiti ya manunuzi iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari, au iliyofungwa kwenye faili la plastiki laini, au iliyobandikwa selotepu juu ya maandishi, ndani ya miezi inaweza kubaki karatasi tupu. Na kumbukumbu za kodi zinatakiwa zitunzwe miaka 5. Dawa ni kutoa kopi kwenye A4 wiki ileile, risiti tatu kwa ukurasa, na kupiga picha ya ile sehemu ya chini yenye msimbo wa uhakiki na QR.

Kwenye manunuzi ndiko fedha nyingi zinakopotelea. Ili ukate VAT uliyolipa kwa msambazaji, risiti iwe na TIN na VRN (namba ya usajili wa VAT) yako, si jina la dereva aliyekwenda kuchukua mzigo. Ikishachapwa bila TIN haiongezewi kwa kalamu. Mpe dereva kadi ndogo yenye namba hizo, aitoe kabla muuzaji hajabonyeza kitu. Kisha hakiki msimbo kwenye tovuti ya TRA: kiasi, tarehe na jina vilingane na karatasi. Risiti iliyochelewa bado inafaa, ila dirisha ni miezi 6; ikipita hapo VAT yake imekuwa gharama yako.

Tarehe ni hizi: PAYE (kodi ya mishahara) na kodi ya zuio mwisho tarehe 7, VAT tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hata kama hukuuza kitu. Kukokotoa kunachukua saa moja kama daftari la Z limejazwa na manunuzi yamehakikiwa kila Ijumaa. Kama hayakufanyika, tenga siku mbili na uombe mtandao usilemewe, maana tarehe 19 kila mtu yumo humo. Ukishawasilisha, toa control namba (namba ya kulipia) na ulipe siku hiyohiyo. Ritani iliyofika bila malipo bado inazaa riba.

Kama mauzo yako ni ya kuhesabika, mfano fundi au mshauri anayetoa risiti kumi kwa mwezi, usinunue mashine ya kaunta. Chukua VFD, ile ya kwenye simu au kompyuta: risiti inakwenda kwa mteja kama faili, haififii, na huna roli ya kununua. Ila kwa duka lenye foleni simu inachelewesha, na betri ikiisha saa kumi jioni biashara inasimama. Hapo mashine ya kaunta bado ni bora, pamoja na roli mbili za akiba kwenye droo, zikae mbali na jua.