Mkanda wa kiuno wenye vyuma: unamfaa mgumu (mpagazi wa Mlima Kilimanjaro) aliyeumia mgongo?

Tunaupa nyota tatu kati ya tano, na zote tatu umezipata kwenye mteremko. Wakati wa kupanda haukusaidii sana. Ukilala nao unakuumiza. Na kama unaununua ili uendelee kubeba kilo zilezile zilizokuumiza, hela hiyo inunulie begi lenye mkanda wa nyonga, utafika mbali zaidi.

Tunazungumzia ule mkanda mpana mweusi unaouzwa kwenye maduka ya dawa na ya vifaa tiba, na siku hizi hata kwa machinga. Ni wa neoprini au lastiki nene, mgongoni una upana wa sentimita 20 hadi 25 na unapungua ukija tumboni. Ndani yake mna vibanzi vinne vya chuma, viwili kila upande wa uti wa mgongo, mbele una velkro, na ubavuni una kamba mbili za lastiki za kukazia zaidi. Ipo pia yenye vibanzi vya plastiki. Kwa kazi ya mlimani hiyo iache: plastiki ikishakunjika hairudi, na mkunjo wake unachoma palepale panapouma.

Lazima ujue mkanda unafanya nini na haufanyi nini. Unabana tumbo, na tumbo lililobanwa linaupa mgongo egemeo kwa mbele. Pia vile vyuma vinakugusa kila unapoinama, kwa hiyo unakumbuka kukunja magoti badala ya kiuno. Basi. Kilo hata moja haubebi. Mwaka 1994 NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ilipitia tafiti zilizokuwapo ikasema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba mikanda hii inamkinga mfanyakazi ambaye hajaumia asiumie. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa maumivu sugu ya kiuno, lilishauri mikanda isiwe sehemu ya matibabu ya kawaida. Hatari yake kubwa iko kichwani mwa mvaaji: anajiona amepona, anaongeza mzigo.

Sasa nyota tatu zinatoka wapi? Zinatoka msituni.

Njia ya Machame ya kupanda Kilimanjaro inaanzia karibu mita 1,800 na siku ya kwanza inakufikisha karibu mita 3,000, na sehemu kubwa ya safari hiyo ya kilomita 11 hivi ni msitu wa mvua. Kushuka kupitia Mweka ndiyo balaa zaidi kwa mgongo: kutoka kambi iliyo karibu mita 3,100 hadi geti lililo karibu mita 1,650, ardhi imelowa na mizizi imekatiza njia. Tazama ngazi moja tu ya magogo iliyolika. Nyuma ya gogo udongo umeondoka, pamebaki dimbwi, na hatua ya kushuka ni ndefu kuliko ulivyoikadiria. Mguu unatua kwa kishindo, goti linachelewa kukunja, na uzito wa mzigo unashukia pingili za chini za kiuno kwa mara moja. Ukiteleza hapo, kiwiliwili kinajipinda kuokoa mzigo kabla akili haijaamua lolote. Mgongo wenye jeraha hauvumilii kupinda na kubeba kwa pamoja. Mkanda uliokazwa vizuri unapunguza ule mpindo. Hauuondoi, lakini unaupunguza, na kwa mtu anayerudi kazini baada ya wiki kadhaa za kuuguza kiuno, hiyo ni tofauti unayoihisi jioni.

Namna ya kuuvaa ndipo wengi wanapokosea. Mkanda hauvaliwi kwenye mstari wa suruali. Tafuta kwa vidole ncha za juu za mifupa ya nyonga. Ukingo wa chini wa mkanda mgongoni ushuke chini ya ncha hizo, na katikati yake pawe usawa wa kitovu au chini yake kidogo. Vaa juu ya fulana nyembamba, kamwe si juu ya ngozi tupu. Simama wima, toa pumzi nusu, funga velkro ya mbele mpaka kiganja kilicholala kipite kwa shida. Kamba za ubavuni ziache zimelegea. Hizo ni za kukaza unapoinua mzigo na unapoanza kushuka mahali pabaya, na ukifika pa kupumzikia unazilegeza. Anayezikaza getini na kuziacha hivyo mpaka kambini anapumua kwa kifua cha juu tu, na kwenye mwinuko huo pumzi ni mali. Mwenye shinikizo la damu au ngiri aonane na daktari kabla ya kununua, maana tumbo likibanwa vyote viwili vinaweza kuzidi.

Jambo linalotufanya tuinyime bidhaa hii nyota mbili ni ugomvi wake na begi. Begi zuri la mgongoni lina mkanda wake wa nyonga, na mkanda ule ukikaa juu ya mifupa ya nyonga unahamisha sehemu kubwa ya uzito kutoka mabegani kwenda miguuni bila kuusumbua mgongo. Mkanda wa vyuma ukikaa mahali hapohapo, wa begi unateleza kwenda chini, uzito unarudi mabegani, kiwiliwili kinainama mbele na kiuno kinaanza kuwaka. Ukiwa na vyote viwili chagua kimoja: begi likiwa mgongoni na mkanda wake umefungwa, mkanda wa vyuma uweke mfukoni. Utumie wakati wa kupakia, kupakua, na kazi za kambini. Kwenye mteremko uvae kama begi lako halina mkanda wa nyonga.

Vipi kuhusu mzigo wa kichwani? Begi la mgeni ndani ya kiroba, kata kichwani, na begi lako dogo mgongoni: hivyo ndivyo wagumu wengi wanavyotembea, na kwa mtu asiye na jeraha kwenye njia kavu ni mtindo unaoheshimika. Kwa mgongo ulioumia kwenye msitu uliolowa, hapana. Mzigo ukiwa kichwani huwezi kuinamisha uso, kwa hiyo mzizi wa hatua inayofuata huuoni, na mguu ukiteleza shingo na kiuno vinalipa pamoja. Hakuna mkanda unaorekebisha hilo. Mwombe kiongozi wa wapagazi akupangie mzigo unaofungika mgongoni, na umwambie mapema, kabla ya mizani, si kambi ya pili ukiwa umeshapinda. Ukimwambia "kaka, mgongo wangu haujakaa sawa, nipe cha mgongoni" umemwepusha na kazi ya kukutafutia machela.

Kilo 20 ndicho kikomo kinachopimwa getini. Kwa kulinganisha, kanuni ya NIOSH ya kuinua mizigo inaanzia kilo 23, na hizo ni kwa hali bora kabisa: sakafu kavu, mzigo ulio karibu na mwili, mikono miwili, bila kujipinda. Msituni hata sharti moja kati ya hayo halitimii kwa siku nzima. Kwa hiyo aliyetoka kuumwa asirudie kilo 20 safari ya kwanza. Kumi zinatosha, na ziongezwe safari kwa safari kama asubuhi anaamka bila maumivu mapya. Uangalie pia umbo la mzigo, usiridhike na uzito tu. Trei za mayai ni nyepesi lakini hubebwa kwa mkono mmoja, na mwili unaoegemea upande mmoja kwa saa tano unachosha kiuno kuliko begi zito lililokaa sawa.

Kuinua nako kuna utaratibu wake, na hapa mkanda unastahili sifa. Kaza kamba za ubavuni. Piga goti moja, vuta begi mpaka liguse paja, lipandishe kwenye paja lile, pumua, ndipo uingize mkono wa kwanza. Bora zaidi tafuta jiwe au gogo la kimo cha paja, mzigo ukae hapo, wewe uingie kwenye kamba kwa kugeuza mgongo. Ukiwa na mwenzako akushikilie begi kwa nyuma. Kwenye mapumziko usiutue chini kabisa: kila unapoutua chini, utauinua tena kutoka chini, na kutoka getini hadi kambini huko kuinama kunafika mara nyingi.

Kazi mbaya kuliko zote kwa mgongo wala haiko njiani, iko kambini: maji. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20 bila ndoo yenyewe, inabebwa kwa mkono mmoja, njia ya mtoni ni ya mawe na imelowa. Beba madumu mawili ya lita 5, moja kila mkono, uende mara mbili. Utaonekana mzembe siku ya kwanza. Vumilia.

Asubuhi nako kuna mtego. Usiku ukiwa umelala, diski za kati ya pingili hunyonya maji na kuvimba kidogo, kwa hiyo saa ya kwanza baada ya kuamka ndiyo mgongo unapokuwa mgumu na kuinama kunazibana zaidi. Na kazi ya saa hiyo ni ipi? Kukunja mahema, tena yaliyoloa ukungu. Kunja ukiwa umepiga magoti yote mawili, au badilishana na mwenzako: yeye akunje, wewe uchemshe chai. Kabla ya hapo tembea dakika kumi. Mkanda uvae baada ya kutembea, si kitandani, na usiku uvue kabisa. Misuli ya kiuno inahitaji kufanya kazi yake bila msaada sehemu ya siku, la sivyo inazoea uvivu.

Fimbo mbili za kutembelea zinausaidia mgongo kwenye mteremko kuliko mkanda huu, tunasema bila kusita. Kwenye tambarare kiwiko kiwe na pembe ya mraba. Ukishuka ziongeze sentimita 5 hadi 10. Usikate mti wa hifadhi kutengeneza fimbo, njoo na zako.

Kuna dalili ambazo zikitokea mkanda hauna kazi tena na safari imekwisha. Ganzi kwenye msamba au ndani ya mapaja, mkojo kukataa kutoka au kutoka wenyewe, mguu kukosa nguvu mpaka unyayo unaburuta, maumivu ya mgongo yenye homa, au maumivu makali ya mfupa baada ya kuanguka. Hapo mgonjwa halazimishwi kutembea. Alazwe sawa kwenye machela, simu ya upepo ipigwe, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kwa upande wa Moshi, hospitali ya KCMC ina madaktari wa mifupa na wataalamu wa mazoezi ya viungo, na palepale kuna TATCOT, chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na mikanda tiba. Ambaye daktari amemwandikia mkanda apimwe na fundi wa namna hiyo badala ya kubahatisha dukani. Na diklofenaki isimezwe asubuhi ili mzigo ubebeke: inaziba kengele ya hatari huku ikilitesa tumbo na figo, hasa kwa mtu aliyepungukiwa maji.

Udhaifu wa bidhaa yenyewe tumeuona wa aina tatu. Kwanza, ncha za vibanzi hutoboa mishono ya mifuko, kwa kawaida chini, kwa sababu ukikaa zinasukumwa. Kabla ya safari ya kwanza vitoe, vika kila ncha kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, virudishe, kisha fundi cherehani apige mshono wa pili kwa uzi wa nailoni. Pili, velkro hujaa matope na nyuzi za soksi ikaacha kushika. Isugue kwa mswaki mkavu kila jioni, na ukiihifadhi ifunge ili meno yasikae wazi. Tatu, neoprini inabaki na jasho na mvua, na mkanda uliolowa unapoza kiuno usiku wa baridi. Beba mfuko wa plastiki wa kuukinga na ubadilishe fulana ukifika. Usiukaushe motoni, lastiki inakufa. Nyumbani toa vyuma, fua kwa maji ya baridi na sabuni, anika kivulini.

Ukienda dukani nenda na futi ya fundi cherehani. Pima mzunguko wa mwili usawa wa kitovu, usitumie saizi ya suruali, na ukiwa katikati ya saizi mbili chukua ndogo, kwa kuwa lastiki hulegea. Uvae hapohapo, chuchumaa, panda stuli, kaa. Ukichuchumaa na ncha ikakuchoma kwenye nyonga au ubavuni, rudisha uombe mwingine mwembamba zaidi.