Keekee ya kutoa sampuli za miti: uzoefu wangu kwenye maabara ya pete za miti

Nianze na hukumu juu ya keekee hii, chombo cha kutoboa shina na kutoa kijiti cha mbao chenye pete za ukuaji wa mti, maana wengi wanaouliza wanataka kujua jambo moja tu: inunuliwe au isinunuliwe. Kama idara yenu ya jiografia ina msitu wa miombo au shamba la mipaini mnaloweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, nunueni. Kama mko pwani, au mahali popote panapopata vuli na masika, na mnatarajia kusoma historia ya mvua kwenye miti, hela hiyo pelekeni kwenye vipimamvua. Huko miti mingi hukua mara mbili kwa mwaka. Mwaka mmoja huweka pete mbili, mwaka mwingine vuli ikikosekana huweka moja, na mwingine haueleweki. Mwanafunzi atahesabu vizuri kabisa na jibu litakuwa si sahihi.

Ninayoieleza hapa ni keekee ya mkono yenye vipande vitatu. Kuna mpini wa bomba, ambao vipande vingine huhifadhiwa ndani yake. Kuna bomba la chuma lenye thredi (miinuko inayozunguka kama ya skrubu) mbele na ukingo mkali wa kukata. Na kuna ulimi, ukanda mrefu mwembamba uliopinda kama mfereji, wenye vijino kwenye ncha, ambao ndio hutoa kijiti cha mbao. Tunayotumia ina urefu wa sentimita 40, hutoa kijiti cha kipenyo cha milimita 5.15, na ina thredi mbili. Za thredi tatu huingia haraka zaidi na zinafaa mbao laini. Kwa mninga na mtundu, miti ya miombo, zinachosha mikono na huwa na hatari ya kukwama. Anayenunua moja kwa kazi zote achukue thredi mbili. Zipo pia za milimita 4.3, lakini kijiti chake chembamba huvunjika vunjika na hakiachi nafasi ya kutosha ya kupiga msasa. Sentimita 40 zinatosheleza mti wa kipenyo cha hadi sentimita 70 hivi, ukikumbuka kwamba gome nalo linakula urefu na kiini, yaani pale pete zinapoanzia, mara nyingi hakiko katikati ya shina.

Porini kazi ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Kimo ni mita 1.3 kutoka ardhini. Kwenye mteremko, toboa kwa kufuata usawa wa mlima, pembeni mwa shina, si upande wa juu wala wa chini. Mipaini hunenepesha pete upande wa bondeni ili kujisimamisha na miti ya majani mapana hufanya hivyo upande wa mlimani, kwa hiyo ukitoboa huko utapima mteremko badala ya mvua. Vijiti viwili kwa mti, pande mbili zinazotazamana.

Pale mwanzo ndipo pa kukazania. Elekeza bomba kwenye kiini, lisukume kwa nguvu huku ukizungusha taratibu mpaka thredi zishike, na usiyumbe. Ukiyumba, kijiti hutoka kimejisokota kama skrubu. Thredi zikishashika, acha kusukuma, zungusha tu. Kujua umefika wapi, shikilia ulimi kando ya shina sambamba na bomba. Ukipita kiini kidogo, ingiza ulimi ukiwa umefumba, mgongo juu, usukume mpaka mwisho, kisha rudisha mpini nusu mzunguko. Kijiti hukatika ndani na ulimi unageuka kukibeba. Vuta polepole, halafu toa bomba hapo hapo, kabla hata ya kuandika lebo. Mbao hubana chuma kadiri muda unavyokwenda, na keekee iliyoachwa mtini wakati wa chakula cha mchana ndiyo inayovunjika wakati wa kuitoa. Usiongeze urefu wa mpini kwa kuchomeka bomba jingine. Chuma hiki ni kigumu, na kigumu hicho hicho ndicho hukatika ghafla.

Kwenye mti uliooza katikati, upinzani hupotea ghafla. Simama. Ukiendelea, thredi hukosa pa kushika na bomba litazunguka bila kurudi. Dawa yake ni mtu mmoja kuvuta mpini kwa kamba huku mwingine akizungusha kinyume. Mninga una shida yake: utomvu wake mwekundu hukauka ndani ya bomba na kugandisha ulimi, kwa hiyo pitisha kitambaa chenye spiriti baada ya kila kijiti. Spiriti hiyo pia inazuia kuhamisha ukungu kutoka mti mmoja hadi mwingine. Tundu liachwe wazi. Wasimamizi wa mashamba hawapendi miti yao kutobolewa, na wana haki, kwa sababu tundu linaweza kuharibu mbao. Waombeni miti iliyowekewa alama ya kupunguzwa, na mkiweza mpate pia kisahani cha gogo la mti huo huo. Kisahani kimoja cha kulinganishia kinafundisha kuliko vijiti kumi.

Vijiti hubebwa kwenye mirija ya karatasi. Kwenye mirija ya plastiki huota ukungu. Lebo iandikwe kwa penseli: eneo, namba ya mti, kijiti A au B, tarehe.

Sasa maabara, na hapa ndipo ubora wa data unapoamuliwa. Keekee nzuri na meza mbaya ni hasara. Vijiti vikauke kivulini siku kadhaa kwanza, kwa sababu kijiti kibichi kikigundishwa husinyaa na kukatika kwenye pete zile zile unazotaka kuzipima. Seremala yeyote anaweza kutengeneza vishikizo: vipande vya mbao vyenye mfereji wa upana wa milimita 5 na kina cha nusu ya kijiti. Tumia gundi nyeupe ya mbao inayoyeyuka kwa maji, ili kijiti kilichokaa vibaya kiweze kutolewa tena. Na kukaa vibaya ni kwingi. Nyuzi za mbao lazima zisimame wima, zikitazama juu, uzikague kwa lenzi kwenye ncha ya kijiti. Zikilala, msasa wa aina yoyote hautaonyesha mpaka wa pete. Kijiti kilichojisokota kishikwe kwenye mvuke wa birika mpaka kilainike, kinyooshwe, kifungwe kwa uzi mpaka gundi ishike.

Msasa ni 120, 240, 400, 600, na kwa mninga na mtundu ongeza 1000. Usihamie namba inayofuata kabla mikwaruzo ya iliyotangulia haijaisha, maana mkwaruzo mmoja wa 120 chini ya hadubini unafanana sana na pete nyembamba. Msasa usile zaidi ya nusu ya kijiti. Vaa barakoa, hasa kwa mninga, vumbi lake linawasha. Kwa miti ya majani mapana, sugua unga wa chaki ya ubaoni juu ya uso uliolainishwa kisha ufute: vitundu vya mishipa ya maji hujaa weupe na mpangilio wake huonekana wazi. Hakuna kifaa cha bei rahisi kuliko hicho katika maabara nzima.

Cha kutafuta kwenye mtundu si tofauti ya rangi bali mstari mwembamba uliopauka unaozunguka shina zima. Kwenye mninga, mstari kama huo huambatana na mishipa mikubwa ya mwanzo wa msimu. Mpaini unaonekana rahisi, ndiyo maana unadanganya. Mpaka wa kweli hukatika ghafla upande wa nje, kutoka giza hadi mwanga. Pete ya uongo hufifia taratibu pande zote mbili, na hutokea ukame mfupi unapoingia katikati ya msimu wa mvua. Uzuri wa shamba ni kwamba mwaka wa kupanda unajulikana. Shamba la miti la Sao Hill kule Mufindi, ambako mvua ni ya msimu mmoja, ni mahali pazuri pa kumfundisha mwanafunzi kabla hajagusa mti wa asili.

Weka nukta moja ya penseli kila miaka kumi, mbili kwenye hamsini, tatu kwenye mia. Kabla ya kompyuta, chora kwenye karatasi ya milimita: pete nyembamba kuliko jirani zake hupewa mstari mrefu, za kawaida haziandikwi. Ukilaza karatasi za miti miwili sambamba, pete iliyokosekana au iliyozidi hujitokeza yenyewe. Kisha piga picha kwa skana ya nukta 1200 kwa inchi, ambapo nukta moja ni kama milimita 0.02, inatosha. Kuoanisha, yaani kulinganisha pete za vijiti mbalimbali ili kila moja ipewe mwaka wake, hufanywa na dplR, kifurushi cha bure cha programu ya takwimu ya R. Wengi hukopi 0.3281, kiwango cha chini cha uwiano kinachokubalika kati ya vijiti, bila kufikiri. Hicho ni cha kulinganisha pete kwa vipande vya miaka 50. Mpaini wa miaka 25 hauna vipande hivyo. Ukitumia vipande vya miaka 20, kiwango hupanda hadi kama 0.52.

Jambo moja zaidi huharibu uhusiano na data za mvua. Kusini mwa ikweta, kwenye mvua ya msimu mmoja kama ya Mufindi, pete huanza kama Novemba na kuisha kama Aprili, na utaratibu ni kuipa mwaka ilipoanza. Pete ya Novemba 2022 hadi Aprili 2023 ni ya 2022. Ukiioanisha na jumla ya mvua ya Januari hadi Desemba, uhusiano utapungua na utalaumu miti. Jumlisha mvua kwa msimu.

Kwamba kazi hii inawezekana kwa miti yetu si ndoto: pete za mninga zilitumika kuunda upya rekodi ya mvua ya Zimbabwe kuanzia 1796, iliyochapishwa 2006.

Kasoro? Ukingo wa kukata huwa butu haraka kwenye mbao ngumu. Ujaribu kwa kuuzungusha juu ya karatasi: ukikata duara safi ni mzima, ukichana unahitaji jiwe la kunoa, na kunoa kwake si kazi ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ulimi hupinda ukiwekwa chini na kukanyagwa, nao ukipinda keekee nzima haina kazi. Bomba lililohifadhiwa bila mafuta hushika kutu ndani, pasipoonekana. Mkiagiza, agizeni ndimi mbili za akiba na jiwe la kunoa kwenye oda hiyo hiyo, maana kuvisubiri baadaye kutakula msimu mzima wa mazoezi.