Feni ya umeme kwa meko ya sebuleni: nani aifunge, nani aiache

Feni ninayoitathmini hapa ni ile ndogo ya umeme inayofungwa chini ya sanduku la chuma la kuotea moto, katika sebule ya nyumba ya matofali mjini Njombe, ambako usiku wa Julai baridi hushuka chini ya nyuzi 10 na kuni za miwati hupatikana bila shida. Nimeitumia kipupwe kizima, na nimeridhika nayo. Hata hivyo, wengi wanaoiulizia hawaihitaji.

Ifahamike kwanza kwamba kifaa hiki hakifanyi kazi ya mvukuto. Feni za majiko ya mkaa, ambazo wachoma nyama wanazijua vizuri, hupuliza makaa ili yawake, ilhali hii haigusi moto kabisa. Sanduku lina kuta mbili. Feni huvuta hewa ya chumbani kwa chini, huipitisha kati ya kuta hizo, kisha huitoa juu ya mlango wa kioo ikiwa imepata joto. Hewa hiyo na moshi havipaswi kukutana popote, na ndiyo maana ufa wowote katika ukuta wa ndani ni sababu tosha ya kuacha kuwasha moto mpaka fundi afike, kwa kuwa kaboni monoksidi haina rangi wala harufu.

Kwa mwenye meko ya wazi ya matofali, jibu langu ni kwamba asinunue. Meko ya namna hiyo hupoteza sehemu kubwa ya joto kupitia dohani, tena huondoka na hewa ya chumbani, ambayo nafasi yake huchukuliwa na baridi inayopenya chini ya milango. Kinachomfikia aliyeketi mbele yake ni mng'ao wa moto, na mng'ao hausukumwi na feni. Mwaka 1796 mwanasayansi Benjamin Thompson, aliyejulikana kama Count Rumford, alishauri kwamba kina cha meko kipunguzwe na kuta za pembeni zikae mshazari ili zirudishe mng'ao huo chumbani. Mwashi mzuri anaweza kuifanya kazi hiyo hadi leo bila waya hata mmoja. Zipo pia feni zinazopitisha hewa ndani ya mabomba ya chuma yaliyopinda kuzunguka kuni, nazo husaidia kiasi, lakini mabomba hukaa katikati ya moto na kuliwa na joto, na siku bomba litakapotoboka, majivu yatapulizwa hadi kwenye makochi. Fedha hizo ningezitunza mpaka zitoshe kununua sanduku lenye mlango.

Kwa mwenye sanduku, ukubwa na umbo la chumba ndivyo vinavyoamua. Sebule yangu imeungana na sehemu ya kulia chakula iliyojificha nyuma ya kona, na kabla ya feni, walioketi karibu na moto walivua masweta huku walioko mezani wakijifunika mashuka. Sasa joto linafika mezani, si kwa ukali, ila kwa kiasi cha mtu kula bila kukunja mabega. Kijiti cha udi kikishikwa juu ya mlango wa sanduku, moshi wake hulala na kuelekea katikati ya chumba, wakati feni ikizimwa hupanda moja kwa moja darini. Katika chumba kidogo cha mraba, joto hujisambaza lenyewe, na feni itakuwa kelele tu. Na kelele ipo: kasi ya chini husahaulika, lakini kasi ya juu hushindana na taarifa ya habari.

Umeme si hoja kubwa. Feni ya wati 40 ikizunguka saa 5 kila jioni humaliza uniti 1 ya LUKU kwa jioni 5. Swichi ya joto huiwasha yenyewe chuma kikishapata moto na kuizima kinapopoa, hivyo haipulizi hewa baridi alfajiri. Umeme ukikatika, hewa huendelea kupanda polepole kati ya kuta, nami hupunguza kuni. Anayechoshwa na mgao anaweza kutafuta feni inayoendeshwa na joto lenyewe, kwa kanuni aliyoigundua mwanafizikia Seebeck mwaka 1821 kwamba tofauti ya joto huweza kuzalisha umeme, ila hiyo huwekwa juu ya jiko na huhitaji jiko lenye sehemu ya juu isiyofunikwa na ukuta, na sanduku lililozama ukutani halina nafasi hiyo.

Uangalifu mkubwa uwekwe kwenye kibandiko cha mota. Feni zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia volti 120 na hezi 60 (idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde), ilhali hapa tuna volti 230 na hezi 50; transfoma itarekebisha volti, lakini hezi zitabaki zilezile na mota itazunguka taratibu kuliko ilivyokusudiwa. Waya uwe wa kustahimili joto, na ethi, yaani waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini, isirukwe.

Kuni mbichi huishinda feni yoyote, kwa kuwa moto hutumia nguvu zake kukausha maji. Miwati ipasuliwe na kukaa chini ya paa mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 20. Majivu laini nayo hunata kwenye mapanga ya feni na kuifanya itetemeke, kwa hiyo huifungua na kuisafisha kwa brashi kavu. Muuzaji aulizwe mapema kama mota yake inapatikana peke yake, maana sanduku hudumu kuliko feni, na baadhi ya wauzaji humlazimisha mteja kununua vyote upya.