Kisu cha elfu tisini na kidole changu cha shahada

Kidole cha shahada cha mkono wangu wa kulia bado hakikunji sawasawa. Naandika kwa gumba la kushoto, taratibu, na hasira ninayo ileile ya siku ya kwanza. Nilijiambia nikae kimya, litapoa. Halijapoa. Kila nikipita mbele ya lile duka katikati ya mji hapa Mwanza, damu inanipanda upya. Duka silitaji, wala kampuni ya kisu siitaji. Ninachotaka ni mtu anayekwenda kununua kisu chake cha kwanza cha maana asome hapa kabla hajatoa hela.

Mimi nanunua dagaa. Alfajiri niko Igombe, mchana niko Mwaloni Kirumba kwenye magari. Kisu kwangu si pambo la mfukoni. Nafungua nacho gunia nione kama dagaa wamekauka hadi chini au wamewekwa wazuri juu tu, nakata kamba ya manila, nakata uzi mtu akishamaliza kushona kwa shazia, na gari likichelewa namenyea embe. Miaka yote nilikuwa natumia vile visu vya kukunja vya kwa machinga pale Makoroboi, elfu mbili, elfu tatu, mpini wa plastiki. Msimu mmoja unamaliza vitatu: hiki kimekatika ncha, hiki skrubu imepotelea mchangani, hiki hakinoleki hata ukikisugua kwenye jiwe mpaka jioni. Mke wangu ndiye aliyeniambia, "Baba Neema, hebu jumlisha hizo elfu mbili mbili zako. Si ungeshapata kisu kimoja cha heshima?" Nikajumlisha. Alikuwa na haki.

Basi nikaenda dukani, hela mkononi. Yule kijana muuzaji alinipokea kwa heshima zote. "Karibu bosi. Kaa bosi." Nikamweleza kazi yangu yote, hakuna nilichomficha: maji, mchanga, magamba ya samaki, kamba ngumu, mchana kutwa. Akatoa kimoja kwenye kabati la kioo, akakisukuma kwa kidole gumba kimoja tu, kikafunguka kwa mlio: tak! Nafikiri ule mlio ndio ulionimaliza. Ukiusikia unaona hiki kitu kimefungwa na hakitatikisika. "Hiki bosi wangu utamrithisha mtoto," akasema. Elfu tisini. Nililipa, nikadai risiti, akanipa.

Na hapa lazima niseme ukweli ingawa unaniuma: ule ubapa sijawahi kuona mfano wake. Kamba ya manila ya unene wa kidole nilikuwa naikata kwa mvuto mmoja, bila kuisugua kama mtu anayekata kwa msumeno. Mafundi nyavu pale Igombe walikuwa wananiomba nikate nao nyuzi ili tu wausikie. Juma zima nilitembea kama mtu aliyenunua pikipiki mpya.

Ilikuwa giza la mwezi uliopita, au la kabla yake, siku ambazo boti za dagaa zinarudi zimejaa na kila mtu ana haraka. Mayu mmoja, yaani mama kwa Kisukuma, ninayenunua kwake siku zote alikuwa na gunia lililofungwa kamba kwa fundo la maji, limekaza kama jiwe. Kulikata sikutaka, maana kamba ilikuwa yake na ilikuwa nzima. Nikaingiza ncha ya kisu katikati ya fundo, nikachokonoa, ncha ikanasa. Nikavuta ili niichomoe. Wakati navuta nikasikia mlio mdogo, si ule tak wa dukani, ni kama mtu ameteleza na kandambili kwenye sakafu yenye maji. Ubapa ukajikunja kurudi kwenye mpini, na kidole changu cha shahada kilikuwa njiani.

Sikuhisi maumivu mwanzoni. Niliona nyama nyeupe ndani ya pingili ya pili, halafu damu ikaja yote kwa pamoja na kuchuruzika juu ya dagaa. Mayu alichana pindo la kitenge chake bila kuniuliza, akanifunga, akakaza mpaka nikapiga kelele. "Pole baba, pole. Inua mkono juu." Yeye hakuwaza dagaa wake walioharibika. Zahanati nilishonwa nyuzi nne nikachomwa sindano ya pepopunda.

Najua kuna atakayesema kisu si cha kuchokonolea mafundo. Sawa, nakubali. Ukichoma ncha halafu ukavuta, nguvu inakwenda upande wa kukikunja, na hata mtoto anaweza kulijua hilo akitulia. Lakini loki, ile inayozuia ubapa usijikunje, imewekwa kwa ajili ya nini? Imewekwa kwa ajili ya dakika hiyohiyo ambayo mtu hakutulia.

Nikarudi dukani siku ya tatu na bandeji yangu, kisu kwenye mfuko wa nailoni, risiti mkononi. Sikwenda kugombana. Nilitaka wanibadilishie, au wakitazame tu waniambie tatizo ni nini. Kulikuwa na wateja wawili. Yule kijana wa "bosi wangu" alikuwa anachezea simu. Nilieleza kila kitu, tangu gunia mpaka nyuzi nne. Hakuinua uso. Akasema:

"Sasa we mzee, kwani ulikuwa hujui kuwa kisu kinakata?"

Wale wawili wakacheka. Mimi nimesimama pale na kidole kimevimba kama ndizi. Nikamwambia naomba akifungue aone loki inavyoteleza. Akanyoosha kidole kuelekea karatasi iliyobandikwa ukutani, mali ikishauzwa hairudishwi, akaendelea na simu yake. Kisu hakukigusa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko elfu tisini, nawaambieni kweli. Angekishika. Angekifungua na kukifunga mara mbili, hata kwa kujifanya, kisha akaniambia pole mzee wangu hatuwezi kukubadilishia, ningeondoka kwa amani. Siku ya kununua nilikuwa bosi. Siku ya kuumia nimekuwa "we mzee".

Ndugu yangu mmoja aliyesoma sheria aliniambia baadaye kwamba Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inalizungumza jambo hili: ukimweleza muuzaji kazi unayotaka kuifanyia bidhaa, ukategemea ujuzi wake, na yeye kazi yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo, basi bidhaa inatakiwa iifae kazi hiyo. Mimi nilimweleza mpaka magamba. Karatasi ya ukutani nilionyeshwa nikiwa tayari nimeumia.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuangalia loki za watu. Baba yangu mdogo ana kile kisu chekundu cha Uswisi cha Victorinox, kampuni iliyoanza 1884, anacho tangu mimi nasoma shule ya msingi. Nikamwomba nikitazame. Hakina loki hata kidogo! Kuna springi tu mgongoni inayoubana ubapa, ukiusukuma kwa nguvu unajikunja. Nikamuuliza, hakijawahi kukukata? Akasema hakijawahi, kwa kuwa anajua kwamba hakijifungi, kwa hiyo vidole vyake vinajua pa kukaa. Nilirudi nyumbani nikiwaza jibu lile. Kisu kisicho na loki kinakuambia ukweli kuanzia siku ya kwanza, nawe unakishika kwa adabu. Changu kilinidanganya kwa ule mlio. Nikalegeza tahadhari kwa sababu ya tak.

Fundi mmoja wa mitumbwi pale Kirumba naye ana Opinel ya Wafaransa, mpini wa mti, imechakaa mpaka imependeza. Ile ina pete ya chuma shingoni. Ukishafungua unaizungusha kwa gumba, inasimama nyuma ya ubapa, na unaiona kwa macho yako kwamba imesimama. Wafaransa wameitumia pete hiyo tangu 1955. Ubaya wake, kwa maelezo yake mwenyewe fundi, ukiloana sana mti unavimba na kisu kinagoma kufunguka, na ubapa wa chake ni wa chuma cha kawaida, usipoufuta baada ya kukata limao au samaki unapata kutu usiku huohuo. Kwa kazi ya ziwani hilo si jambo dogo. Lakini nilikishika nikasukuma mgongo wa ubapa, hakikutikisika hata kidogo.

Changu nilikipeleka kwa fundi simu, kwa sababu skrubu zake ni zile za nyota na bisibisi zake wanazo wao. Kijana mdogo, mstaarabu. Akakifungua juu ya kitambaa, na ndani kulikuwa na mchanga na magamba ya dagaa yamegandamana na utelezi uliokauka. Hapo nilinyamaza. Nikasema basi, kosa ni langu, nimemchukia mtoto wa watu bure. Kijana akasafisha kila kitu kwa mswaki, akarudishia, akakaza. Akaubana mpini vidole vikiwa mbali na njia ya ubapa, akausukuma mgongo wake taratibu kwenye ukingo wa meza. Kikajikunja. Kisafi, kimekazwa, na bado kikajikunja.

Akaniita nitazame kwa karibu, akawasha na taa ya simu. Ndani ya mpini kuna ulimi mwembamba wa chuma. Ukifungua kisu, ulimi ule unajipinda wenyewe kuja kusimama nyuma ya kisigino cha ubapa, na huo ndio unaozuia kisijikunje. Wa kwangu ulikuwa haujasimama nyuma ya kisigino. Ulikuwa umegusa ukingo tu, upana wa ukucha, kama mtu aliyeegemea mlango kwa bega moja. "Mzee wangu, huu haukuchakaa," akasema, "huu ulitoka hivi." Akautoa tena, akaukunja kidogo kwa koleo kuelekea ndani, akatia tone la mafuta ya cherehani, akarudishia. Tak. Akasukuma mgongo, kikasimama. Akasukuma kwa nguvu zaidi, kikasimama. Elfu tano.

Elfu tano na nusu saa! Kwa hiyo yule wa dukani, kama angeinua tu uso wake, angeliona tatizo kwa macho. Na nasema hivi, kama angenifungulia kile kisu siku ya kununua akanionyesha ulimi ulipokaa, nisingeshonwa.

Kwa hiyo ukienda kununua, usiangalie ubapa kwanza, na usisikilize mlio. Omba kifunguliwe, kiinue kwenye mwanga, chungulia ulimi umeingia kiasi gani nyuma ya kisigino. Ukiona umeshika ncha tu, rudisha. Kisha kishike vidole vyako vikiwa nje ya njia, sukuma mgongo wa ubapa kwenye ukingo wa meza, pole pole halafu kwa nguvu. Utikise ubapa kushoto na kulia, usicheze. Muuzaji akikukataza kufanya hivyo, ondoka.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema kile kisu ni takataka. Siwezi. Ninacho mfukoni sasa hivi, asubuhi nimekata nacho kamba tano na ule ubapa bado unaimba. Ukipata ambacho ulimi wake umekaa sawa, pengine elfu tisini si nyingi. Nilitaka hata kuandika kwamba nunueni, ila mkipime. Halafu nikikunja kidole hiki kinagoma katikati, namsikia tena akisema "we mzee", nawasikia na wale wawili wakicheka, na moyo unakataa. Kutoka duka lile, hapana. Hata wakikitoa bure.

Mayu nilimnunulia kitenge kipya. Alinicheka, akasema kile kilikuwa cha zamani, lakini alikipokea.

Juzi kijana anayenisaidia kupakia aliniomba nimwazime kisu akate nyuzi za magunia ya mwisho, gari limeshawashwa. Mkono ulishaingia mfukoni. Nikautoa mtupu, nikamwambia akaombe cha jikoni kwa mama ntilie.